Meseji ya shule imefika kwenye simu gani?

Mvua ya masika ikishika Mombasa mwezi wa Mei, haina simile. Asubuhi moja ya mvua ya namna hiyo, nilipokuwa karani wa shule ya msingi upande wa Likoni, mwalimu mkuu alinipigia saa kumi na nusu alfajiri: njia ya kuingilia shule imejaa maji, hakuna masomo, wajulishe wazazi. Niliwasha kompyuta nyumbani, nikaandika mistari miwili, nikabonyeza. Skrini ikajaa neno moja kutoka juu hadi chini: imefika, imefika, imefika. Saa moja kasorobo nilipokwenda langoni kuhakikisha, nilikuta watoto kumi na wawili wamejibanza barazani kwa mlinzi, sare zimewagandama mwilini. Mmoja wa gredi ya kwanza alikuwa ameshika viatu mkononi ili visizidi kuloa.

Tulipotafuta jina lake, mfumo ulisema kwao ujumbe umefika. Na kweli ulifika, kwa mjomba wake. Huyo mjomba ndiye aliyemwandikisha dada mtu miaka mitatu nyuma, akaacha nambari yake kwenye fomu, na mdogo alipojiunga nambari ikanakiliwa ile ile. Siku hiyo alikuwa kazini Malindi. Aliisoma meseji, akadhani mama mtu naye ametumiwa, akaendelea na shughuli zake. Mashine ilifanya kazi yake barabara, na mtoto akatembea kwenye maji.

Ndiyo maana shule ikiniomba ushauri kuhusu meseji za wazazi, sianzi na programu ya kununua. Nauliza daftari la nambari linashikwa na nani, na lilipitiwa lini mara ya mwisho. Mengine yote, na yako mengi ya kueleza, yanasimama juu ya hilo.

Neno "imefika" lina maana gani

Meseji ya shule hupita mikono kadhaa. Hutoka shuleni kwenda kwa kampuni inayouza meseji za jumla. Kampuni hiyo huipeleka kwa mtandao wa simu wa mzazi, uwe Safaricom, Airtel au Telkom. Na mtandao ndio unaoifikisha kwenye simu yenyewe. Simu ikiwa imezimwa, au iko mahali pasipo na mawimbi, meseji haipotei papo hapo. Mtandao huihifadhi na kuijaribu tena na tena, mpaka simu iwake au muda iliopewa uishe. Simu inapoipokea hurudisha jibu dogo ambalo mwenye simu halioni, na jibu hilo ndilo linaloandikwa "imefika" kwenye skrini ya karani. Halisemi kama kuna mtu amesoma. Halijui kama simu iko mkononi mwa mama, kwenye droo ya duka, au Malindi.

Kwa hiyo ripoti ile inafaa isomwe kinyume. Waache walioandikiwa "imefika", uwatafute ambao meseji zao zimekwama. Nambari iliyokataa mara tatu mfululizo ipigiwe, na isipopatikana mwalimu wa darasa amuulize mtoto wiki hiyo hiyo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu humpa mteja mwingine. Hapo ndipo mtu asiyemjua mtoto wako wala shule yake anapoanza kupokea habari za mkutano wa darasa, siku za mtihani na salio la karo, na mara nyingi hatajisumbua kuwaambia kwamba mmekosea nambari.

Liko pia suala la muda wa meseji kuishi. Mifumo mingi humruhusu mtumaji kuchagua mtandao uendelee kujaribu kwa saa ngapi, na karani wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo. Usiku wa mvua umeme hukatika, simu zinalala bila chaji. Zikiwashwa kesho yake asubuhi, meseji ya jana inaingia ikiwa mpya kabisa: "Leo hakuna masomo." Mzazi anamvua mtoto sare siku ambayo wenzake wameketi darasani. Tangazo la dharura lipewe saa chache tu za kuishi. Na maneno "leo" na "kesho" yaondolewe kabisa kwenye meseji za shule, yaandikwe jina la siku na tarehe.

Saa nayo inatuponza, na hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili huku uso wa simu ukihesabu kwa Kiingereza. Niliwahi kuona meseji inayosema "Mkutano wa wazazi Jumatano saa 2". Aliyeiandika alikuwa anawaza alasiri, maana kwenye ratiba yake imeandikwa 2:00. Kwa mzazi wa Mtongwe, saa 2 bila neno jingine ni asubuhi, wakati watoto wameshaingia darasani. Kina mama walifunga vibanda vyao, wakaja, wakakaa kwenye viti vya plastiki mpaka adhuhuri ikapita, na waliokuwa na samaki wa kuuza siku hiyo hawakurudishiwa chochote. Dawa yake ni neno moja: asubuhi, mchana, jioni. Andika "saa 8 mchana" na hakuna atakayepotea. Na kwa Mombasa, mkutano ukiangukia Ijumaa mchana, fikiria upya hata kabla ya kufungua kompyuta.

Nafasi 160, na ritifaa inayokula pesa

Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, lakini kipimo chake kilikuwa kimeshapangwa katika miaka ya 1980: nafasi 160, ukihesabu herufi, tarakimu, alama na mapengo. Kipimo hicho kipo hadi leo. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubaki na nafasi 153 tu, kwa sababu zinazosalia hutumika kuviunganisha vipande tena kwenye simu ya mpokeaji. Shule hulipia kila kipande.

Watu wengi wanalijua hilo la 160. Wasilolijua ni kwamba hesabu hiyo inahusu orodha maalumu ya herufi na alama. Ukiingiza hata alama moja iliyo nje ya orodha, ujumbe wote hugeuzwa mtindo na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70, na ukikatwa vipande, kila kimoja kinabeba 67. Emoji hufanya hivyo. Salamu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hufanya hivyo. Na sisi tunayo ya kwetu: ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng'.

Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha. Ile iliyopinda kama koma iliyoruka juu haimo. Karani anapoandika tangazo kwenye programu ya kuandikia barua, kompyuta huipinda ritifaa yenyewe bila kumuuliza. Kisha ananakili na kubandika kwenye mfumo wa meseji. Tuseme tangazo linahusu basi la Ng'ombeni na lina nafasi 150. Kwa ritifaa iliyonyooka ni meseji moja. Kwa ritifaa iliyopinda ni tatu. Kama meseji moja ni shilingi moja na shule ina wazazi 900, neno Ng'ombeni limeipandisha bili kutoka shilingi 900 hadi 2,700, na hakuna mtu atakayeona kwa macho tofauti iko wapi. Tatizo halipo kwenye Kiswahili chetu. Andika moja kwa moja ndani ya mfumo, tazama ile hesabu ndogo ya nafasi pembeni, na ikiruka ghafla tafuta alama iliyopinda.

Halafu tunafika kwenye salamu, jambo ninaloliheshimu. Pwani huanzi kusema na mtu kabla ya kumjulia hali. Lakini hesabu hii: "Assalaam alaikum mzazi mpendwa, uongozi wa shule unapenda kukujulisha kwamba" ni nafasi 76, karibu nusu ya meseji, na habari bado haijaanza. Kwa mwaliko wa mkutano au siku ya michezo, salimu kwa raha zako. Kwa dharura, habari itangulie. Simu nyingi huonyesha maneno machache ya mwanzo kabla meseji haijafunguliwa, na ile ya mulika mwizi yenye skrini ndogo huonyesha machache zaidi. Ujumbe niliokuja kuutumia baadaye ulikuwa hivi:

DHARURA. Alhamisi 8 Mei: hakuna masomo kwa sababu ya mvua. Mtoto abaki nyumbani. Ujumbe mwingine utakuja Alhamisi saa 10 jioni. Mwalimu Mkuu

Nafasi 140. Una siku, una tarehe, una sababu, una jambo la kufanya, na una ahadi ya saa. Ile ahadi ya saa 10 ndiyo iliyopunguza simu za ofisini kuliko kitu kingine chochote, kwa sharti kwamba saa 10 ikifika meseji inatoka kweli, hata kama jibu ni kwamba bado hakujaamuliwa.

Kuamua mapema ni sehemu ya ujumbe. Mtoto wa Likoni anayesoma kisiwani anaweza kuwa njiani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi feri. Tangazo la saa kumi na mbili na nusu linamkuta upande wa pili, katikati ya umati. Mwezi wa Aprili 2024 nchi nzima iliyaona haya. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29, na Wizara ya Elimu ikaahirisha kwa sababu ya mafuriko saa chache tu kabla ya milango kufunguliwa, wakati masanduku yameshafungwa na wengine wameshasafiri. Masomo yalianza tarehe 13 Mei. Shule haiwezi kuiharakisha wizara, lakini inaweza kupanga jioni, mawingu yakiwa yameshatanda, nani ataamua na mwisho wa kuamua ni saa ngapi.

Jina la shule

Meseji za jumla huja na jina badala ya nambari, na jina hilo halizidi nafasi 11. Husajiliwa kwa kila mtandao peke yake, kwa hiyo hakikisha mzazi wa Airtel anaona kile kile anachoona wa Safaricom. Hakikisha pia limesajiliwa kama jina la taarifa za huduma na si la matangazo ya biashara. Wakenya wengi wamechoshwa na meseji za kamari na mikopo, wakayazuia matangazo yote kwenye laini zao, na jina la shule likiwa kwenye kundi hilo linazuiwa pamoja nayo. Na jina halijibiwi: mzazi akiandika "sawa mwalimu, nimeelewa" jibu lake halendi popote. Mwambieni mwanzoni ni nambari gani ya kupiga.

Kubwa zaidi ni kile jina hilo linachobeba. Nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua kwamba meseji nyingi za shule zetu ni za karo. Karo ni haki ya shule kudai, sipingi. Lakini mzazi anayedaiwa, akipokea madai matatu kwa wiki kutoka kwa jina hilo hilo, huacha kulifungua. Ya nne ikiwa ni ya mafuriko, au feri imesimama na watoto wamebaki ng'ambo, yeye ndiye wa mwisho kujua. Mtoto wa mzazi mwenye deni ndiye tunayemweka hatarini kwa tabia yetu. Karo idaiwe kwa jina jingine au kwa simu ya faraghani, mara moja kwa mwezi, na neno DHARURA lisiguswe kwa jambo jingine lolote. Shule moja iliniambia wanaliweka kwenye madai ya karo "ili wazazi wasome". Niliwasihi waache siku ile ile.

WhatsApp ina kazi yake: picha za orodha ya vitabu, maswali, pole na hongera. Lakini inataka bando na simu janja, na tangazo la saa kumi alfajiri saa moja linakuwa limefunikwa na dua, mandazi na madera ya kuuza. Isitoshe, kundi huanika nambari ya kila mzazi kwa kila mzazi. Taarifa ya kumwondoa mtoto hatarini iende kwa meseji ya kawaida, ambayo simu yoyote inaipokea bila bando wala salio.

Walimu na wafanyakazi

Orodha yao iwe peke yake, na wao wajue kabla ya wazazi, hata kama ni kwa dakika kumi. Mzazi akipokea tangazo, humpigia mwalimu wa darasa. Mwalimu akisema "mimi sijasikia", tangazo limeshakufa. Orodha ya wafanyakazi isiishie kwa walimu. Mlinzi anayefungua lango, mpishi aliyeshaloweka maharagwe, dereva na msaidizi wake kwenye basi, hao ndio watakaokutana na mtoto aliyekuja bila habari. Kwa kuwa jina la shule halijibiwi, kwa upande wa wafanyakazi tulitumia mnyororo wa simu: kila mmoja anawapigia wanne na kumrudishia naibu idadi ya waliopatikana. Ni kazi ya robo saa, nayo inakupa uhakika ambao skrini iliyojaa "imefika" haikupi. Anayeacha kazi atolewe kwenye orodha siku anayokabidhi funguo.

Nani ana uwezo wa kutuma? Angalau watu wawili, na wasikae nyumba moja wala upande mmoja wa maji. Nimeona shule imekwama asubuhi nzima kwa sababu nambari ya siri ya kuingilia mfumo ilikuwa inatumwa kwenye simu ya karani aliyekwenda likizo ya uzazi. Nyingine ilikwama kwa kuwa salio la meseji liliisha kwa kudai karo Ijumaa, na mvua ikaja Jumatatu.

Habari za mtoto wa watu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu shule moja kwa moja. Taasisi za elimu zinatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ziwe kubwa au ndogo, na taarifa za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Kwa meseji, hiyo ina maana nyepesi: jina la mtoto, ugonjwa wake, deni lake au adhabu yake lisiingie kwenye ujumbe unaokwenda kwa zaidi ya familia moja. Na kumbuka kwamba simu nyingi mitaani kwetu si za mtu mmoja. Nyumbani husomwa na aliye karibu nayo.

Wako pia matapeli. Humpigia au kumwandikia mzazi kwamba mtoto ameanguka, yuko hospitali, tuma pesa haraka kwa nambari hii. Wanajua mzazi akisikia hivyo akili inaruka. Kinga ni neno lililotangulia: mwanzoni mwa kila muhula shule itamke, kwa meseji na kwa mdomo mkutanoni, kwamba haiombi kamwe pesa kupelekwa kwa nambari ya mtu binafsi, na kwamba habari ya ugonjwa hutolewa kwa simu kutoka kwa nambari iliyoandikwa kwenye fomu.

Daftari

Baada ya asubuhi ile ya mvua tulibadilisha namna ya kuandikisha. Siku ya kufungua kila muhula tuliweka meza chini ya mwembe, karibu na lango. Mzazi hakuulizwa nambari. Watu hukosea tarakimu, au husema ile waliyoizoea na laini ilishapotea. Alipewa nambari ya ofisi, akaipiga hapo hapo, simu ya shule ikalia mara moja, akakata. Nambari iliyojitokeza ndiyo iliyoandikwa. Kwa kila mtoto tulitaka mbili, za watu wawili wasioshiriki simu. Baba na mama walioachana wote wawili waliandikwa, maana Katiba inawapa wajibu sawa juu ya mtoto, isipokuwa pale mtu alipoleta amri ya mahakama. Nambari ya mdogo haikunakiliwa tena kutoka kwa mkubwa.

Wa mwisho kwenye foleni, muhula wa kwanza tulipofanya hivyo, alikuwa bibi mmoja anayelea wajukuu wawili. Alinipa simu yake nimsaidie kupiga. Ndani kulikuwa na meseji zetu zaidi ya arobaini, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Mwanangu, mimi sisomi," aliniambia. "Nikiisikia inalia najua ni ya kampuni."

Nilipiga mstari mpya pembeni mwa ukurasa, safu ambayo haikuwepo kwenye programu yoyote niliyowahi kuitumia, na juu yake nikaandika "Apigiwe". Kufikia mwisho wa wiki safu hiyo ilikuwa na majina kumi na tisa. Tuliligawa daftari kwa walimu wanne wanaoamka kwa sala ya alfajiri, na mvua iliyofuata, kabla sijabonyeza chochote kwenye kompyuta, wale kumi na tisa walikuwa wameshasikia sauti ya mtu wanayemjua.